Bahasha za Mama Kalunde

Wivu hulowesha stempu yake mwenyewe. Leo mmemsikia shangazi yenu Kabula akimkanya binti yake kwa maneno hayo, nanyi mmenijia mbio kuuliza wivu na stempu vilikutana wapi. Vilikutana Tabora, mtaa wa nyumba za reli, enzi zile watu walipokuwa bado wanaandikiana barua. Kaeni, niwaeleze ilivyokuwa.

Palikuwa na karani wa reli, jina lake Kapaya. Kazi ilimhamisha kutoka stesheni hii hadi ile, na popote alipokwenda alikusanya stempu. Alikuwa na albamu nene yenye stempu kubwa za rangi, mpya ambazo hazijabandikwa popote, alizotumiwa na marafiki wa kalamu wa nchi za mbali. Nyingine zilikuwa za pembetatu, zimechorwa vipepeo na samaki, na wageni wote waliofika nyumbani kwake walionyeshwa hizo kwanza.

Kapaya alijaliwa mabinti wawili, Nyamizi na Kalunde. Nyamizi, yule mkubwa, alilelewa na bibi yake huko Sikonge tangu alipoachishwa ziwa. Aliporudi kwa wazazi alikuwa msichana mkubwa, akakuta mtaa mzima unamwita mama yake Mama Kalunde. Hakuna aliyekusudia ubaya. Majirani walimwona mtoto mmoja, wakamwita mama kwa jina la mtoto huyo, na baba mwenyewe akazoea. Lakini Nyamizi kila aliposikia mtu akibisha, "Hodi hapa, Mama Kalunde," alihisi mlango unafungwa, naye yuko nje.

Miaka ikapita. Mabinti wakaolewa, wote wawili hapo hapo Tabora, nyumba zao zikitazamana ng'ambo ya uwanja. Mama yao alitangulia kufa, kisha baba. Arobaini ilipokwisha, baba yao mdogo akawaita wagawane kilichobaki. Kwa upande wa stempu alimwalika Bwana Merali, mwenye duka la saa, ambaye naye alikuwa mkusanyaji na kila mwaka aliagiza kitabu cha bei.

Bwana Merali akaifungua albamu, akatabasamu. "Hii ndiyo mali," alisema. "Hizi pembetatu zinapanda bei kila mwaka." Kisha akaletewa kapu la bahasha kuukuu, zile barua Kapaya alizomwandikia mkewe kutoka stesheni ndogo ndogo za njia ya Mpanda. Akapekua mbili tatu. "Hizi stempu ni za kawaida. Kwa sasa hazina soko."

"Mkubwa achague kwanza," akasema baba mdogo.

Nyamizi akaikumbatia albamu kabla kauli haijaisha. Kalunde akachukua kapu, wala hakunung'unika. Alitaka mwandiko wa baba yake.

Basi Nyamizi akawa mtu wa kupita dukani kwa Bwana Merali kila aendapo sokoni. Akiambiwa bei imepanda, siku hiyo hutembea kwa madaha na kupitia kwa mdogo wake kumpa habari. "Uza basi, dada," Kalunde alimwambia, "usomeshe watoto." Nyamizi akacheka. Auze vipi kitu kinachopanda? Na ukweli, ambao hakumwambia mtu, ni kwamba utamu wake haukuwa katika bei. Ulikuwa katika kumshinda Kalunde.

Halafu soko likageuka. Ile nchi iliyotoa stempu za pembetatu ilikuwa imegundua kwamba wakusanyaji wanazipenda, ikazichapa tena na tena, zikazagaa duniani kama pumba mashineni. Bwana Merali akamweleza Nyamizi kwa upole. "Wanunuzi siku hizi hawataki stempu ambayo haikusafiri, mama. Wanataka iliyobeba barua kweli." Nyamizi alisikia bei imeshuka, hayo mengine hakuyatia akilini. Akarudi nyumbani, akaisukuma albamu uvunguni.

Haukupita muda akaona mafundi wako juu ya nyumba ya Kalunde, wanang'oa nyasi na kupigilia bati. Mchana jua lilipolipiga lile bati, mwanga uliingia hadi jikoni kwa Nyamizi, akawa anasonga ugali amefinya macho.

Jirani yao Chausiku ndiye aliyemletea habari. "Hujui? Mdogo wako kauza bahasha moja tu ya baba yenu. Moja! Mnunuzi kaja kutoka Dar es Salaam."

"Bahasha zile chafu?"

"Hizo hizo. Mbona umebadilika uso, shoga? Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

Ilimwasha. Ilimwasha akila, ikamwasha akilala. Aliukumbuka utoto wake Sikonge, akamwona Kalunde amepakatwa na baba barazani, picha ambayo hakuwahi kuiona kwa macho yake lakini aliijua kuliko alivyojua vidole vyake. Hatimaye akajifunga kanga, akavuka uwanja.

"Baba mdogo hakugawa sawa," alisema, hata salamu hakutoa.

Kalunde alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini. "Dada, si wewe uliyechagua kwanza?"

"Nilichagua gizani. Wewe ulijua."

"Ningejua nini mimi? Hata Bwana Merali hakujua."

"Ulijua! Siku zote wewe ndiye unayejua, wewe ndiye unayepewa. Hata mama alipewa jina lako!"

Kalunde akaingia ndani, akatoka na lile kapu, akahesabia nusu ya bahasha kwenye kanga ya Nyamizi, moja huku, moja kule, kama watu wanaogawana mahindi ya kuchoma. "Chukua. Ni baba yetu sote. Ila dada, kabla hujazigusa, Bwana Merali alinieleza kwamba..."

"Sikuja kufundishwa," Nyamizi akamkata. Akaondoka na fundo lake.

Nyumbani alizimwaga juu ya mkeka. Zilikuwa nyingi kuliko alivyofikiri, na juu ya kila moja, kwa mwandiko mzuri wa baba yake, paliandikwa jina lile lile. Mama Kalunde. Mama Kalunde. Mama Kalunde. Alizigeuza zote, akitafuta japo moja iliyoandikwa Mama Nyamizi. Hakuiona.

Angeweza kwenda kumwuliza Bwana Merali. Angeweza kumwacha mdogo wake amalize sentensi yake. Lakini mwenye wivu hana subira ya kuuliza. Alijua stempu ndizo zenye bei, kwani albamu nzima ya baba ilikuwa nini kama si stempu? Akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akazitumbukiza bahasha zote. Gundi ikalegea. Na wino nao ukaanza kuyeyuka, herufi moja baada ya nyingine, hadi maji yakawa ya buluu. Nyamizi akakaa kitako anatazama jina la mdogo wake likipotea, na moyo wake, sitawaficha, ukapoa kama uliopakwa mafuta.

Stempu akazianika juu ya kitambaa. Zile karatasi zilizolowa akazikausha juani, kisha akawashia jiko.

Siku ya pili yake alivaa vizuri, akaenda kwa Bwana Merali na kuzipanga stempu juu ya kioo cha meza. Mzee akavaa miwani, akachukua moja kwa kibanio, akaigeuza. Akachukua nyingine. Akavua miwani.

"Bahasha ziko wapi, mama?"

"Nimezichoma. Zilikuwa chafu."

Bwana Merali akavuta pumzi. "Stempu hizi zilichapwa kwa mamilioni. Kila nyumba ilikuwa nazo. Kilichokuwa adimu ni bahasha nzima yenye mhuri wa posta ya stesheni ndogo, zile zilizofungwa zamani. Mhuri nusu unakaa juu ya stempu, nusu juu ya bahasha. Sasa ona." Akamwonyesha ule ukingo wa mhuri uliokatika, vipande vya herufi visivyosomeka. "Wiki iliyopita moja ya hizi ingekuezekea nyumba. Leo sina cha kukupa. Mdogo wako hakukuambia?"

Nyamizi alizikusanya stempu kwenye leso, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili asipite mbele ya lile bati.

Jioni Kalunde alivuka uwanja mwenyewe, ana wasiwasi wa jana yake. Chausiku alikuwapo, amekuja kuomba moto. Nyamizi ameketi kizingitini, leso imefunguka mapajani. Kalunde akaona vile vistempu vya kahawia vimejikunja kama majani makavu, akaelewa. Akapiga magoti.

"Dada! Nani kazilowesha hizi?"

Nyamizi akaokota kistempu kimoja, akakigeuza. Angeweza kumsingizia mtoto, angeweza kusingizia mvua.

"Wivu," akasema.

"Wivu wa nani?"

"Wangu. Nilidhani nakufuta wewe, Kalunde. Kumbe stempu zilikuwa zangu."

Kalunde hakucheka, wala hakumfokea. Aliketi kizingitini kando ya dada yake hadi jiko likazimika. Lakini msidhani alimgawia tena. Hakumgawia, na Nyamizi hakuomba. Bahasha zilizobaki Kalunde aliziuza kidogo kidogo, akasomeshea watoto wake. Na baada ya miaka, watu walipoacha kuandika barua na wanunuzi wakapungua, hata zile za mwisho zilishuka bei kama vipepeo na samaki wa albamu. Soko halina undugu na mtu.

Chausiku, mnajua, hakuwa mtu wa kukaa na neno tumboni. Asubuhi iliyofuata jioni ile ya kizingitini, bombani, mwanamke mmoja alianza kumsema mke mwenzie, kwamba kanunuliwa kitenge kipya na kwamba yeye atakimwagia mafuta ya taa wakose wote. Wenzake wakaguna kumchochea. Chausiku akatua ndoo yake chini, akamshika mkono.

"Usithubutu, mwenzangu," akamwambia. "Wivu hulowesha stempu yake mwenyewe."