Tai wa Vichwa Viwili Getini

Wapendwa, hebu acheni kidogo kutazama saa. Kulikuwa na mtu mmoja, huku huku kwetu kwenye baridi, ambaye hofu ilimjengea nyumba.

Alikuwa na mke, na mtoto mchanga wa kike waliyempata baada ya kusubiri miaka mingi. Wakamwita Atupele. Tangu azaliwe, baba hakuwa na amani. Jirani akipita na panga kwenda shamba, yeye anajiuliza, huyu na panga anaenda wapi? Akaweka nondo madirishani, akapandisha ukuta, akaagiza geti la chuma. Alikuwa ameona mahali picha ya ngao ya wafalme wa zamani, ina tai mmoja mwenye vichwa viwili, kimoja kinatazama huku, kingine kule. Picha ile ikamwingia akilini, haikutoka. Akaichora, akampelekea fundi.

"Nichomelee huyu getini. Mkubwa, macho mekundu."

"Bosi, njaa ikimshika, vichwa si vitagombana?" fundi akamtania.

"Wewe chomelea tu. Nataka watu waogope."

Na kweli wakaogopa. Kichwa kimoja kilimkodolea macho jirani wa kulia, kingine jirani wa kushoto. Mama wa upande wa kulia alikuja na uji wa mzazi, akaishia nje.

"Baba Atupele, mbona ndege wako ananitazama mimi?"

"Anakutazama ili ubaki kwako, mama. Na niseme wazi, atakayevuka hapa sijamfungulia, nitamwitia mwizi. Sitauliza jina."

Mnajua, wapendwa, mtu akiitiwa mwizi mitaani kwetu kinachompata. Yule mama alirudi na uji wake.

Ukaja mwezi wa saba, na baridi yake mnaijua. Baba akaingiza jiko la mkaa chumbani, mtoto apate joto. Akafunga dirisha, akaziba kwa kanga uwazi wa chini ya mlango. Wakalala.

Asubuhi akaamka kichwa kizito, miguu haimtii. Mke haamki. Mtoto kimya. Akaanguka sakafuni, akataka kupiga kelele, sauti haitoki. Ndipo akasikia watu getini. Walikuwa majirani wake wote wawili.

"Hodi! Baba Atupele! Jua limepanda, hata mlango hawajafungua," alisema yule mama. "Jirani, ruka ukuta."

"Niruke mimi? Akiniitia mwizi?" akajibu jirani wa kushoto. "Hapana. Twende kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, tuingie na shahidi."

Alisikia kila neno, wapendwa! Amelala pale, mkono umegusa kitanda cha mtoto, moyo unapiga kelele, "Rukeni! Vunjeni!" Akasikia nyayo zao zinaondoka.

Mwenyekiti alikuwa shambani. Wakamtafuta mpaka wakampata, wakaja, wakavunja geti. Baba alikuwa anapumua. Mke wake alikuwa anapumua kwa shida. Atupele alikuwa ameshapoa.

Nani alimuua? Mwizi? Mwizi hakuwahi kufika mtaa ule. Majirani? Usiharakishe kuwahukumu. Wewe ungeruka?

Na sisi je? Yuko mtu humu hajaitikia salamu ya jirani yake tangu Pasaka. Yuko mama amewakataza watoto kula nyumba ya pili, eti watarogwa. Kila jioni tunapiga magoti tukimwomba Mungu atulinde. Ameshatupa walinzi, wanaishi upande wa pili wa ukuta, na sisi tumewatisha mpaka hawathubutu kutuokoa. Mimi naogopa, wapendwa. Nawaza ni nani leo amelala sakafuni, na sisi tunamtafuta shahidi.

Ukitoka hapa, kabla hujabandika chungu, nenda kwa yule jirani unayemwogopa. Mwambie, "Siku ukiona mlango wangu haufunguki, usisubiri ruhusa. Vunja."