Povu la Tutaonana

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, wala msinikatize, kwenye milima ya Taita aliishi bwana mmoja, Mwakio, jirani na msitu wenye chui. Alikuwa na mbwa jike, akamwita Tutaonana, kumtisha chui, na kweli chui alilikwepa boma lile.

Basi Tutaonana akashikwa na kikohozi. Mwakio akamfanyia kama tufanyavyo kwa mgonjwa yeyote: akamlaza jikoni, karibu na mafiga, apate joto. Kila kulipokucha kikohozi kilizidi, mpaka povu likamtoka. Jamani, watu waliogopa! Wakasema ni kichaa cha mbwa, wakaja na marungu. Chui naye akasogea. Nyayo zake zikaonekana mlangoni kwa Mwakio, wanapolala wajukuu.

Mwakio akaapa mbele ya wote kwamba atakayemponya atapewa mtoto wa kwanza wa mbwa huyo.

Mghoi, mama wa jirani, akawapita wenye marungu, akaweka sikio ubavuni pa mbwa. Aliogopa kuumwa, lakini alisikiliza. Akasema ni mapafu yanakwaruza, mtoeni kwenye moshi.

Mkanjala, daktari wa mifugo, akavuta majimaji ya mapafu, akayapima kwa hadubini. Hakuona minyoo wala vijidudu. Akaeleza kuwa mapafu yamevimba kwa kupigana na moshi, akatoa vidonge vya kutuliza uvimbe: kila siku, vipunguzwe polepole, visikatwe ghafla.

Haya, nani atie mkono wenye vidonge kwenye kinywa kile chenye povu? Mwakio mwenyewe alirudi nyuma. Ni Wandoe, mjane, aliyeutia kila asubuhi kwa miezi miwili, na kila asubuhi aliogopa kufa awaache wanawe.

Tutaonana akapona, akazaa mtoto mmoja tu. Mtoto akakua, akaanza kubweka. Wiki hiyo chui akaonekana kwa Mghoi, kwa Mkanjala, na kwa Wandoe.

Mghoi akasema, "Nisingesikiliza, mngekuwa mmeshamuua."

Mkanjala akasema, "Ulisikia mkwaruzo, mama. Ugonjwa niliujua mimi."

Wandoe hakuinua macho. "Vidonge vilivyo kwenye karatasi haviponyi mtu."

Mwakio amesimama njia panda, mtoto wa mbwa mikononi, na jua linazama. Ninyi hodari wa kuhukumu, semeni: je, nani alistahili? Na wale wawili watakaokosa, nani ataenda kuwaambia?