Kompyuta ya Mwalimu Kihiyo

Kaeni vizuri, wajukuu, na anayetafuna muwa autue kwanza. Hii nawapa niwaulize, si niwachekeshe.

Huko Muheza palikuwa na watoto watatu wa darasa moja, marafiki wa kula sahani moja. Mwanahawa alijaliwa ulimi: akiomba maji kwa mchoyo, anapewa na mtungi. Semkiwa alijaliwa mikono; redio iliyokufa akiishika, inakohoa. Hidaya alijaliwa subira, ya kukaa na mtu mpaka hasira yake iishe yenyewe.

Mwalimu wao, Kihiyo, aliwafundisha kuchora kanga kwa chaki: pindo la pembeni, mji wa katikati, na jina, yale maneno yake. Jioni ubao unafutwa, kanga inakwenda na vumbi. Yeye alikuwa na programu ya kuchorea katika kompyuta yake ndogo, lakini shule haikuwa nayo; bei yake ilikuwa ya wenye viwanda. Kisha akaugua kifua, akalala.

"Laiti ningewaona wakichora ya kubaki," alimwambia mkewe, Bi Mkasi.

Neno hilo likawafikia watoto, na Mwanahawa akaenda Tanga mjini kwa muuzaji wa programu.

"Binti, bei ni hiyo hiyo. Hapa si gengeni."

"Sawa, baba. Lakini sisi tukikua tutaitafuta vipi, nasi hatujawahi kuiona?"

Muuzaji akacheka, akaishusha bei kwa ajili ya shule, ikawa ya kufikika.

Kufikika, lakini na nani? Wazazi walitaka machungwa ya shamba la shule yauzwe wapake rangi madarasa. "Maua ya kanga yanaliwa na mboga gani?" walisema. Hidaya akazunguka nyumba kwa nyumba. Hakubishana. Alimenya mihogo na kina mama, akapukuchua mahindi, akasikiliza. Mwisho mama mmoja, mkali kuliko wote, akamwuliza, "Kwani huyo Kihiyo wenu anaendeleaje?" Siku ya kikao, mama huyo ndiye aliyesimama wa kwanza kusema machungwa yanunue programu.

Programu ikaja, kompyuta za shule zikaikataa. Zilikuwa kuukuu mno. Semkiwa akazifungua zote, akatwaa moyo wa hii na macho ya ile, akapata moja nzima. Wakachora kanga, wakaichapa karatasini, wakampelekea mwalimu kitandani. Akapitisha kidole kwenye pindo. Hakuwa tena na sauti ya kuuliza nani kafanya nini. Walipoondoka alimnong'oneza mkewe:

"Kompyuta yangu usiuze. Mpe aliyewaletea wenzake programu."

Wiki hiyo hiyo akazikwa.

Siku ya kuanua matanga, vitu vya marehemu vikagawiwa. Kanzu kwa kaka yake, baiskeli kwa shemeji. Ikabaki kompyuta, na Bi Mkasi akawasomea watoto kauli ya marehemu: apewe aliyewaletea wenzake programu. Na wale watatu walikuwa wamemaliza shule. Programu ya shule inabaki shuleni. Atakayeikosa hii, kuchora kwake kumekwisha, jembe linamngoja.

"Bila bei kushuka mngenunua nini?" akasema Mwanahawa.

"Na bila mimi mngeifanyia kazi wapi, kwenye jiwe la kusagia?" Semkiwa akamjibu.

Hidaya alikuwa analia tu. Mwanahawa akamgeukia. "Na wewe usitake kutushinda kwa machozi! Machungwa hayo wangekupa, bila bei niliyoileta?"

Mjomba mmoja akaingilia. "Si mtumie kwa zamu?"

"Zamu gani, mjomba? Mimi naenda Handeni, huyu Pangani, huyu anabaki hapa," akasema Mwanahawa.

Kila mmoja akageukia ukuta wake. Bi Mkasi kaipakata kompyuta kama mtoto mchanga, wageni wamefunga mizigo, wanangoja neno lake.

"Mwalimu, si ungetaja jina tu," alisema, akiongea na asiyejibu.

Haya, wajukuu. Mjane kachoka kulia, na kauli ya marehemu haivunjwi. Je, wewe ungeamua vipi? Ungeinyanyua umpe nani? Na hao wawili wanaotoka mikono mitupu, ungewatazama usoni uwaambie nini?