Msumari Kwenye Fyuzi

"Heri giza la fyuzi kuliko mwanga wa paa." Ndivyo alivyosema babu yenu jana taa zilipozimika, nanyi mkacheka, mkauliza maneno hayo kayatoa wapi. Mimi aliniambia Bi Mwanamvua, mkunga wa Muheza, mwaka niliomzaa mama yenu, nami sina la kufanya ila kulala na kusikiliza. Methali hii, alisema, ilianza hivi.

Palikuwa na mjane akiitwa Mwantumu, anamwoza binti yake wa pekee, Siwema. Kwao mwali huwekwa ndani siku saba kabla ya nikaha. Haonwi na jua, anasingwa mwili kwa liwa ya kunukia, na mlango wake hufungwa kwa nje, ufunguo anao somo wake, kungwi anayemfunda. Tena taa ya chumba chake haizimwi mchana wala usiku, kwani ikizima wanasema ndoa haitadumu. Zamani ilikuwa kandili. Mwantumu akasema wa kwake atakaa na umeme, taa mbili na feni juu.

Siku ya nne, giza. Fyuzi imekatika. Akaitwa Mhina, fundi umeme, mtoto wa kaka yake Mwantumu, akatia uzi mpya. Chai yake haijapoa, ukakatika. Akatia mwingine, nao ukakatika.

Wifi yake Mwantumu, Bi Mize, alikuwa ukumbini anachambua mchele. "Wifi," akasema, "tuambie mapema kama ni harusi au matanga. Maana matanga nimezoea kuyakaa gizani."

Wanawake wakacheka. Mwantumu naye akacheka, lakini neno lilikuwa limeshamchoma.

"Shangazi," Mhina akasema kwa sauti ya chini, "fyuzi si mbovu."

"Si mbovu na inakatika?"

"Ndiyo kazi yake. Umeme huja kwa waya mmoja, hurudi kwa mwingine, na katikati lazima pawe na cha kufanya, taa au feni. Humo darini panya wametafuna mpira, nyaya ziko uchi. Zikigusana, umeme unapita njia ya mkato, wote kwa mkupuo, waya unakuwa mwekundu kama kaa. Hiyo ndiyo shoti. Fyuzi ikiona hivyo inajikata. Inakufa yenyewe ili nyumba ipone. Nipe siku mbili nifungue dari."

"Ufungue dari juu ya kichwa cha mwali?"

"Mhamishe chumba."

"Mwali hahamishwi, Mhina. Au hayo uliyasahau ulipokwenda kusomea nyaya?"

"Basi rudisha kandili."

"Ili Mize apate la kusema mpaka wajukuu wazaliwe. Nimekuita uwashe, sikukuita unihutubie."

Mhina akashusha swichi kubwa, akakusanya vifaa vyake. Mlangoni akageuka. "Usiiguse, shangazi. Nakuomba."

Alipokwisha kwenda, Mwantumu akakumbuka alichoona kwa jirani. Akatafuta msumari, akauweka pale pa uzi, akapandisha swichi. Taa ikawaka. Vigelegele vikapigwa, na Mize akanyamaza. Kunyamaza kwa Mize kukawa kutamu kwake kuliko vigelegele vyote. Taa haikuzima tena, kwa maana msumari haukatiki.

Kesho yake alasiri wanawake wako uani, vyungu jikoni, ngoma inalia. Harufu ya mpira unaoungua ikapita, wakadhani ni sufuria iliyosahauliwa. Moshi ulipotoka chini ya bati, Mwantumu alikimbilia mlango wa mwali. Umefungwa. Somo alikuwa amekwenda sokoni, ufunguo kiunoni. Ndani Siwema anaita, "Mama. Mama." Mwantumu akausukuma mlango kwa bega mpaka bega likateguka.

Mhina alifika mbio. "Maji msimwage, sijakata umeme," akawaambia waliobeba ndoo. Akashusha swichi kwanza, ndipo akavunja mlango kwa mchi wa kinu.

Siwema alitoka hai. Lakini dari ilikuwa imeshamwangukia, naye alijikinga kwa mikono, ikaungua. Mize ndiye aliyemfunika kwa kanga yake mwenyewe, analia. Nyuma yao paa liliwaka lote. Waliokuwa stesheni waliona mwanga wake ingawa jua halijazama.

Upande wa bwana harusi walituma pole na gunia la unga. Kisha wakatuma mtu kuuliza kama vidole vitakunjika. Alipojibiwa kwamba havitakunjika, hawakutuma mtu tena.

Siku ya kumi na moja hospitalini, Siwema akasema, "Mama, wanasema ni Mhina aliyeweka msumari."

Mjini walisema hivyo kweli. Mhina alikuwa ameshakosa kazi kwa ajili hiyo, na hakumtaja shangazi yake hata mara moja. Mwantumu angenyamaza, ingekwisha hivyo.

"Si Mhina," akasema. "Ni mimi. Alinikataza. Nililiona giza ni aibu."

Siwema akaitazama mikono yake iliyofungwa bendeji. "Ningekaa gizani, mama. Hata siku zote saba."

"Najua, mwanangu. Sasa najua. Heri giza la fyuzi kuliko mwanga wa paa."

Muuguzi aliyekuwa anatandika kitanda cha pili aliyasikia maneno hayo, ndiye aliyetoka nayo nje, na mji ukayachukua. Siwema akageukia ukutani, dawa ya maumivu ikamchukua. Mwantumu akakaa akimpepea kwa upindo wa kanga mpaka mkono ukachoka, na kichwa kikamwinamia, naye akalala palepale kitini.