Kwa Nini Mbayuwayu Hukaa Wayani Asiungue

Mimi nilikuwepo, kwa hiyo anayetaka kubisha aanze kuondoka. Shule niliachia darasa la tano, lakini haya hakuna mwalimu aliyeyaona. Mimi yaliniunguza nyusi.

Zamani hizo miti ya bonde letu ilikatwa yote, ikasimamishwa tena kuwa nguzo, mikavu, bila tawi la kukalia. Juu yake zikavutwa nyaya, na ndani ya nyaya akapita Umeme. Umeme hakujua kutulia. Tena alikuwa na pupa: akiona upenyo mpya, huuingia mzimamzima. Ndege akitua wayani, Umeme humwingia mguu huu akatokea ule, na chini huanguka mkaa.

Mbayuwayu alikuwa amebakiwa na kinda mmoja. Siku yake ya kwanza kuruka, kinda akachoka, akatua wayani, mabawa yakagoma. Mama akasikia mvumo unakuja. Akatua mbele ya mwanawe, upande ule Umeme alikotokea.

"We mwenda mbio," akamwita, maana siku hizo Umeme alikuwa bado anasikia akiitwa. "Kwetu unafuata nini?"

"Niondokee, nimechelewa," Umeme akajibu, waya mzima ukitetemeka.

"Basi pita kwangu kwanza. Ukiona pananyooka kuliko waya, na mwanangu mchukue."

Umeme, asiyekubali kushindwa, akachomeka kwanza unywele wake mmoja katika mguu wa kushoto wa mama, kupima njia. Akakuta magamba makavu, mfupa, nyama, na utumbo wenye kona kama barabara ya mlimani. Unywele ukawa unajikongoja humo, na mwili wake uliobaki ukashindwa kungoja. Ukachomoka kupitia waya, katikati ya miguu ya mama, kisha ukapita vivyo hivyo chini ya kinda. Mama hakusikia hata mtekenyo.

"Samahani, mama," Umeme akasema kutoka mbali. "Ila usiguse waya wa pili, wala nguzo. Hapo hutakuwa njia ya pembeni. Utakuwa daraja, nami nitavuka."

Na tangu siku hiyo Umeme akikuta njia mbili hujigawa: sehemu kubwa hupita penye wepesi, na kiasi kidogo tu hupenya penye taabu. Mbayuwayu nao hukaa safu nzima, kila mmoja miguu yote kwenye waya mmoja, shingo zikizunguka, tayari kuruka.

Yote nimeyaona, isipokuwa lile la samahani. Hilo nimelitia mimi. Umeme hajawahi kumgeukia mtu.