Sanduku la Chumbani kwa Mama Mkwe

“Paa likikubali, uulize na ukuta.” Mmeisikia kwa fundi leo mkacheka, mkaniuliza ukuta unaulizwaje. Basi methali hii ilianza hivi, hapa hapa kwetu mlimani, nami nilikuwepo.

Bi Nakundwa alikuwa mjane aliyeishi kwa kuuza vifaranga. Kila mchana, kabla hajagusa chakula, alichungulia kipimajoto cha mashine ya kuangulia. Siku hiyo ndani yake kulikuwa na mayai mia mbili, yamebakiza siku mbili kuanguliwa. Alikuwa ameinama hivyo, miwani puani, taa ya mashine ilipozimika, na harufu ya plastiki inayoungua ikatoka chumbani kwake.

Uani alikuwepo mkwewe Mbonea, fundi umeme, aliyealikwa kula kuku wa shukrani. Jana yake alikuwa ameongeza paneli sita za sola ili pampu na friji navyo vipate umeme. Paa alilikagua ubao kwa ubao. Lakini sanduku la swichi, linalogawa umeme wa nyumba nzima, lilikuwa ukutani juu ya kitanda cha Bi Nakundwa, na kwetu mkwe haingii chumba hicho. Mbonea aliunganisha nyaya zake na zile zilizotokeza nje, akajipa moyo kuwa sanduku litatosha.

Halikutosha. Lilifungwa enzi za balbu tatu na redio. Sasa lilipokea umeme wa nguzo na wa jua kwa pamoja, likapata moto hadi likaanza kuyeyuka.

Bi Nakundwa alibeba ndoo mbio.

“Usimwage maji, mama! Kuna umeme!” Mbonea alifika mlangoni, akasimama ghafla.

“Unangoja nini?”

“Ni chumbani kwako, mama.”

“Chandarua kinaungua nawe unaniheshimu! Ingia!”

Akaingia macho chini, akaisukuma swichi kuu kwa mpini wa ufagio mpaka ikazima, kisha akauzima moto kwa blanketi.

Mashine tuliizungushia madumu ya maji ya moto, tukipokezana, mpaka kesho yake Mbonea alipofunga sanduku kubwa. Vifaranga mia moja na thelathini vilianguliwa. Mayai sabini yalibaki kimya.

Siku ya kuvitoa, Mbonea alisimama uani akizungusha bisibisi mkononi.

“Mama,” alisema, “siku ile, kabla sijapanda juu, nilitaka kukuomba nilione sanduku. Nilijua ni lazima likaguliwe kwanza. Niliona haya, nikanyamaza.”

Bi Nakundwa alimwekea kifaranga kiganjani.

“Ungesema tu, mwanangu. Ningetoa kitanda nje, chumba kikawa ukumbi. Siku nyingine, paa likikubali, uulize na ukuta.”