Fomu ya Jina Moja

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale kabisa, maana hii haisikilizwi nusu. Nimeisimulia vijiji arobaini, na vijiji vyote arobaini niliacha watu wameshikana mashati. Wenye digrii wameletewa, wakakuna vichwa, wakaomba maji ya kunywa, wakaondoka.

Kijiji cha Mizogole, huko kwenye ukame ambako mbuzi hulamba mawe, walikuwepo watu watatu. Mwalimu Chibehe alikuwa na kichwa: jambo akilisoma mara moja, halitoki tena mpaka azikwe nalo. Mama Ndahani alikuwa na mikono: alishona shati amefumba macho, na vifungo vikakaa mstari. Mzee Mlewa alikuwa na sikio. Kipofu tangu kuzaliwa, lakini sisimizi akipita juu ya jani, Mzee anakwambia amepita na anakoelekea.

Udugu hawakuwa nao, ila walikula sahani moja. Kilichowakutanisha ni darasa la kwanza. Chibehe alifundisha kwa kujitolea, mwaka wa nne huo bila mshahara. Mama Ndahani, mjane, aliwapikia watoto uji. Mzee Mlewa alikaa nje ya dirisha kivulini, anasokota kamba.

Siku moja afisa elimu akaja, akafungua madaftari ya Kiingereza. Watoto mia na ishirini, na wote wameandika herufi kubwa tupu, kuanzia mwanzo wa ukurasa mpaka mwisho. Wangejuaje? Maandishi waliyokulia nayo ni ya kanga za mama zao, magunia ya saruji na mlango wa duka. Kote huko herufi ni kubwa.

Afisa akamgeukia mwalimu mkuu, Lungwa. "Hawa hawajui herufi kubwa inakaa wapi. Narudi baada ya miezi mitatu. Wakishindwa, darasa hili nafunga, watasoma ng'ambo ya mlima."

Ng'ambo ya mlima ni kilomita kumi na tano, na fisi wa huko hawasubiri giza.

Mwalimu Chibehe akatoa alichokuwa nacho. Vitabu vililiwa na mchwa zamani, lakini kanuni zote zilikuwa kichwani mwake: herufi kubwa mwanzo wa sentensi, jina la mtu, jina la mahali, siku, mwezi. "Na mtu akijitaja mwenyewe kwa Kiingereza," akasema, "ile 'ai' yake ni kubwa, hata iwe katikati ya sentensi."

Mzee Mlewa akadakia dirishani, "Hata katikati ya watu anajikuza? Hao nao kwa kujiona!"

Watoto wakacheka, wakakariri kanuni mpaka kasuku wa kijiji wakazijua. Wakipewa kalamu, magunia ya saruji yanarudi vilevile. Chibehe akachapa, akapiga kelele, mwisho akakaa chini ya ubao akafunika uso.

Mama Ndahani naye akatoa alichokuwa nacho. Kwake lilibaki koti moja la marehemu mume wake, sufu nzito, alilokuwa akilinusa siku akizidiwa. Akalikata. Akashona kofia thelathini. Akawatoa watoto uwanjani, kila mmoja akawa herufi, mwenye kofia ndiye herufi kubwa, wakapangwa mstari kama sentensi. "Nani anaanza? Wewe? Haya, vaa. Wewe wa katikati unavaa kwa nini, umekuwa jina la mtu? Vua!" Ndani ya wiki mbili, mtoto wa miaka sita alikuwa anamvua mwenzake kofia kwa hasira za kweli. Wakiandikiwa sentensi ubaoni, hawakosei. Lakini Chibehe akisoma kwa mdomo, wao waandike, wanapotea: hawajui sentensi moja imekwisha wapi na nyingine imeanza wapi. Na mtihani wa afisa ulikuwa wa kusomewa.

Ndipo Mzee Mlewa akatoa alichokuwa nacho. Akaingia darasani akipapasa ukuta. "Mwalimu, ukisoma unakimbia kama umeiba. Sentensi ikiisha sauti inashuka, kama mtu anatua mzigo. Hawa hamjawafundisha kusikia mzigo ukitua." Mwezi mzima akakaa nao. Chibehe anasoma, Mzee kainua fimbo. Sauti ikitua, fimbo chini, pu! Watoto wote: "Kofia!" Majina akawafundisha kuyasikia yakiitwa, siku na miezi vilevile. Alipoiweka fimbo pembeni, wakaendelea kusikia wenyewe. Na yeye herufi hajaiona hata moja tangu azaliwe.

Afisa akarudi. Akasoma, watoto wakaandika. Madaftari mia na ishirini, kosa hakuna. Alitafuta kosa mpaka miwani ikashika ukungu. Darasa likapona.

Afisa alipoondoka akaacha fomu. Nafasi ya msaidizi wa darasa, ajira ya kudumu, cheti hakidaiwi. Mstari mmoja: jina la aliyewafundisha watoto hawa. Ijumaa saa sita pikipiki inachukua fomu. Ikiwa tupu, nafasi inakwenda kijiji kingine.

Hapo sasa sahani ikavunjika.

Ijumaa asubuhi Lungwa akawaita wote ofisini. Chibehe akaanza kabla hajakaa. "Aliyejua ni mimi. Nyie mlishona na kupiga fimbo. Mlichoshona kilitoka wapi, kama si kichwani mwangu?"

Mama Ndahani akasema, "Ulijua miaka minne, Mwalimu. Miaka minne watoto wanaandika magunia. Mimi nimekata koti la mume wangu. Wewe umekata nini?"

"Nimekata ujana wangu! Mchumba kaolewa na fundi baiskeli, mimi niko hapa na chaki!"

Mzee Mlewa akacheka, cheko baya. "Nyie mna macho. Mkikosa kazi leo, kesho mtapata kwingine. Mimi tangu nizaliwe hakuna mtu aliyesema, Mlewa, njoo kazini. Mtihani ulikuwa wa kusikia. Nani alifundisha kusikia?"

"Haya, ameleta upofu," Chibehe akasema. "Tumhurumie tena."

"Nikikuhitaji unihurumie, nitakuita kwa jina. Kwa herufi kubwa."

Hakucheka mtu.

Lungwa akapiga meza. "Mwalimu, ulikuja hapa Jumanne kuniomba nafasi. Mzee, na wewe ulikuja Jumatano. Kila mmoja kwa siri, kila mmoja akinieleza wenzake walisaidia kidogo tu." Akatoa kalamu mfukoni, akamgeukia Mama Ndahani. "Ni wewe peke yako hukuja. Kwa hiyo utaandika wewe. Jina utakaloandika, ndilo nitakaloligonga muhuri."

Mama Ndahani akashika kalamu. Kuandika alishajua, amejifunza humo humo uwanjani pamoja na herufi zake.

Jumanne Chibehe alikula ugali nyumbani kwa mama huyu, akamsifia mlenda. Jumatano Mzee Mlewa alikula kwake, akamwombea dua ndefu. Na wote wawili walikuwa wametoka kwa Lungwa, au wanakwenda.

Lakini asilolijua Lungwa ni hili. Jumatano hiyo hiyo Mama Ndahani alivaa kanga yake mpya, akaja mpaka mlango huu huu wa ofisi, maneno ameyapanga kichwani: kwamba Chibehe ni mpiga watoto, kwamba Mzee ni wa kuongozwa tu. Akainua mkono kubisha hodi. Akasikia sauti ya Mzee Mlewa ndani. Akageuka akarudi nyumbani. Usafi wake wote ni huo: alichelewa foleni.

Nje pikipiki ikawashwa. Chibehe alikuwa anautazama mkono wa Mama Ndahani. Mzee Mlewa alikuwa ametega sikio lake lile lisikialo sisimizi, anasubiri kalamu ikikwaruza ajue ni jina la nani. Mama Ndahani akainamia karatasi. Akiandika lake, ni haki yake, na hatakula tena na mtu. Akiandika la Chibehe, anamlipa aliyejua. Akiandika la Mzee, anamlipa aliyemaliza. Akisema ukweli wa Jumatano, kalamu anaichukua nani?

Dereva akapiga honi mara mbili.

Haya, mmekaa kimya nini? Kofia bila kanuni ni matambara. Kanuni bila kofia ni kelele. Vyote viwili bila sikio, darasa lingefungwa. Mstari ni mmoja na kalamu unayo wewe. Je, wewe ungeandika jina la nani?